Kosaini 0.96 si jina la molekuli

Futa hilo jina kwanza. Umeandika: "GNPS (hazina ya mtandaoni inayolinganisha vipande vya molekuli na vya zile zinazojulikana) imenipa kwinini kwa kosaini 0.96 (alama ya kufanana, 1 ikiwa ya juu kabisa), programu ya SIRIUS nayo inakubali. Naweza kuandika kwinini kwenye memwari yangu ya chuo?" Usiandike!

Mimi niliandika. Lilikuwa gome la kinkina, mti unaotoa kwinini, kutoka miti ya shangazi yangu kule Kabare, tukachangishana dola 640 sampuli ikapimwe Ubelgiji. Data iliporudi nikaona vilele viwili vya m/z 325.19 (uzito wa molekuli yenye chaji, ukigawanywa kwa chaji yake), kimoja kikitoka mashineni dakika ya 6.1, kingine 6.8. Nikafungua vipande vyake, yaani molekuli ikishavunjwa na mashine: 307, maji yakiwa yametoka, kisha 172, kisha 160. Vilele vyote viwili vilikuwa na vipande vile vile, kama muhuri mmoja uliogongwa mara mbili. Programu ikaviita vyote kwinini. Aliyetufundisha kwenye semina alikuwa ametuambia, "Ikipita 0.9 imekwisha, andika." Basi nikaandika kwamba kilele kikubwa ni kwinini. Shangazi na majirani zake wakashikilia magome yao, wakingoja bei nzuri. Mnunuzi alipopima mwenyewe, kile kikubwa kilikuwa kwinidini. Msimu wote ukapotea, na shangazi hajanigombeza hata siku moja. Hilo ndilo linaloniuma. Yule wa semina bado anafundisha vile vile! Unawezaje kumpa mwanafunzi namba bila kumwambia inapima nini?

Inapima kufanana kwa vipande, basi. Kwinini na kwinidini zote ni C20H24N2O2, atomi zimeungana kwa mpangilio mmoja. Zinatofautiana mwelekeo kwenye kaboni ya 8 na ya 9, ndiyo maana huitwa isoma. Ukizivunja unapata vipande vya uzito ule ule. SIRIUS hutafuta fomula kwa uzito kamili, isotopu na vipande, kisha hukupangia miundo inayofaa, lakini miundo bapa, isiyo na mwelekeo huo. Kompyuta haijawahi kugusa gome lako. Na kwinidini ni dawa ya mapigo ya moyo. Si ya kubahatisha.

Hakuna jina bila standadi, yaani molekuli halisi, safi, ya kulinganishia. Nunua zote mbili, zipite kwenye safu ile ile (mrija unaotenganisha molekuli), siku ile ile na sampuli yako. Halafu changanya standadi kidogo ndani ya sampuli: kilele kikipanda bila kupasuka, hapo una cha kuandika. Kabla ya hapo andika "kwinini au isoma yake, daraja la 2", kwa madaraja yale ya uhakika ya 2007 ya metabolomiki, sayansi ya kupima molekuli ndogo za viumbe. Msimamizi akikulazimisha daraja la 1, lile la jina lililothibitishwa kwa standadi, muombe akuonyeshe dakika ya standadi.

Mimi ninazo zote mbili, ziko kwenye friji hapa Bukavu. Ukipata mtu anayekuja huko Lubumbashi niambie mapema, nikupimie miligramu 5 za kila moja.