Baada ya Amina: kwa wazazi wanaoanza kulea watoto katika imani

Wapendwa ambao mtoto wenu wa kwanza bado yuko mgongoni, au ndiyo kwanza ameanza kutambaa, ninawaandikia kutoka Nakuru, mji ambamo mimi na mume wangu tumelea watoto wanne kwa zaidi ya miaka ishirini. Mimi nilizaliwa Vihiga katika nyumba ya waumini wa Kanisa la Marafiki (Quakers), ambao wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902 na ambao hawabatizi kwa maji. Mume wangu alizaliwa Bahati katika nyumba ya Waanglikana, ambao humbatiza mtoto angali mchanga na kumpa wazazi wa ubatizo. Kabla kifunguamimba wetu hajazaliwa tulikuwa tumekwisha kubishana mara nyingi kama abatizwe au asibatizwe. Iwapo nanyi mmetoka katika madhehebu mawili, limalizeni jambo hilo ninyi wawili mapema, kwa sababu mtoto akishazaliwa nyanya wa pande zote mbili huingia, kila mmoja na kauli yake, na hapo mnakuwa mnaamua mbele ya mashahidi. Sisi tuliafikiana kwamba watoto wabatizwe katika kanisa la baba yao, nami niingize katika ibada ya nyumbani ule utulivu niliouona kwa babu yangu, wa kukaa dakika chache mbele za Mungu bila mtu kusema neno. Sijaujutia uamuzi huo.

Kuhusu ibada hiyo ya nyumbani, kosa letu la kwanza lilikuwa urefu. Tuliianza kana kwamba ni ibada ya Jumapili: nyimbo tatu, sura nzima, mahubiri ya baba, maombi ya kila mtu, na mtoto wa miaka mitatu akilia kwa usingizi huku akiamriwa afumbe macho. Baada ya miezi michache watoto waliichukia jioni, nasi tukaanza kutafuta visingizio vya kuiacha. Tulipoipunguza ikawa dakika kumi, mara tu baada ya chakula na kabla vyombo havijaoshwa, ilidumu. Someni Injili kwanza. Ile ya Marko ina sura 16, na ukisoma mistari kumi na miwili hivi kila jioni utaimaliza kwa takriban miezi miwili, muda ambao mtoto mdogo anaweza kuubeba akilini kama hadithi moja. Mtoto anayejua kusoma apewe zamu ya kusoma, hata akisitasita, na asisahihishwe kila neno. Msaidizi wa nyumbani aketi pamoja nanyi, si asimame jikoni akisubiri mmalize, kwa kuwa mtoto anayemwona msaidizi akiachwa nje ya maombi amekwisha kufundishwa jambo ambalo hamtaweza kulifuta kwa mstari wowote. Sisi tuliomba kwa Kiswahili, maana mimi ni Mmaragoli na baba yao ni Mkikuyu, lakini nyanya yao alipotutembelea aliomba kwa lugha yake na watoto wakasikiliza.

Lakini lililonisukuma kuandika si namna ya kuendesha ibada. Ni yale tunayoyasema baada ya amina, pale mezani, kabla watoto hawajalala, tukidhani kwamba somo limekwisha. Torati inamwagiza mzazi kuwafundisha watoto maneno ya Mungu “uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo”, na kwa miaka mingi niliuelewa mstari huo kama agizo la kuongeza mafundisho. Siku hizi nauelewa kwamba mtoto anafundishwa nyakati hizo zote, tupende tusipende, na kilicho mikononi mwetu ni kuchagua anafundishwa nini.

Nililijifunza hili kwa uchungu. Mwishoni mwa Januari 2008 ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilifika Nakuru kwa ukali. Watu waliofukuzwa makwao walikuwa wamejaa katika Uwanja wa Maonyesho. Sisi tulikuwa tumejifungia nyumbani pamoja na jamaa wa pande zote mbili waliotujia kwa nyakati tofauti wakitafuta usalama. Mchana kutwa watu wazima walizungumza. Kila mmoja alikuwa na machungu ya kweli, na ndugu wa upande mmoja walipotoka sebuleni, wa upande wa pili walisema yao kwa sauti ya chini, wakiwaita wengine “wale” na “hao watu”, nasi wenye nyumba hatukuwazuia, na pengine tuliitikia. Tulidhani watoto walikuwa wakicheza chumba cha pili. Jioni tukasoma Zaburi, tukaomba amani kwa maneno mazuri, na ilipofika zamu ya mtoto wetu wa kwanza, aliyekuwa na miaka saba, akamwomba Mungu awaondoe wale watu wote mjini ili baba apate kurudi kazini. Aliomba kwa unyofu kabisa, kama anavyoomba mvua. Hakuna aliyeitikia amina. Dada yangu alikuwa ameketi kwenye kiti kilichomkabili mtoto, na “wale” wa mtoto walikuwa ni pamoja naye.

Mume wangu hakumkemea. Aliwaambia watu wazima, watoto wakisikia, kwamba mtoto ameomba kile tulichomfundisha kutwa nzima, kisha akamwomba dada yangu radhi, nami nikawaomba radhi jamaa zake. Kesho yake tulisoma Luka 10, habari za yule aliyeangukia mikononi mwa wanyang’anyi, na badala ya kusema “Msamaria” tukataja kabila la jirani ambaye kila mmoja wetu alikuwa akimwogopa. Ilikuwa ngumu kwa sisi wakubwa kuliko kwa watoto. Tangu hapo tuliweka sharti moja nyumbani mwetu: neno ambalo hungelisema jirani akiwa ameketi nasi, lisisemwe mezani. Tulilishika katika uchaguzi wa 2013, wa 2017 na wa 2022, si kwa ukamilifu, lakini mtu alipolivunja alikumbushwa, mara nyingi na mtoto. Ninyi mnaoanza mtaingia katika uchaguzi wa 2027 mkiwa na mtoto ambaye tayari anasikia na kuhifadhi maneno. Afadhali sharti hilo likubaliwe baina yenu sasa, kampeni zikiwa bado hazijapamba moto na wageni wakiwa bado hawajafika.

Sharti hilo halihusu makabila peke yake. Linamhusu pia mhubiri mnayemchambua mkirudi kutoka kanisani, mwalimu wa shule ambaye mnamdharau mtoto akiwa amebebeshwa kazi zake za ziada, na wifi ambaye mnacheka naye kwenye simu na kumsengenya simu ikishakatwa. Mtoto hulinganisha. Hasemi kwamba analinganisha, wala hana nia ya kuwashtaki, ila anatafuta kujua lipi kati ya maneno yenu ndilo la kweli, ili alifuate.

Kuhusu fimbo nitasema kwa ufupi, kwa kuwa najua wengi wenu mmelelewa nayo na mnaujua Mithali 13:24 kwa moyo. Shule za Kenya zilikatazwa kuchapa watoto mwaka 2001, na Katiba ya 2010 inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, lakini mimi sikuiacha kwa ajili ya sheria. Nilimchapa mtoto wangu wa kwanza kwa sababu alinunua mandazi kwa shilingi hamsini nilizompa za sadaka, na alichojifunza ni kunificha mambo. Kwa miaka kadhaa hakuniambia kosa lake lolote hadi nilipoligundua mwenyewe. Ndugu yake alipofanya vivyo hivyo, nilifuatana naye hadi kwa mwalimu wake wa shule ya Jumapili, akasema mwenyewe alichofanya, akazirudisha fedha hizo kidogo kidogo kutokana na ujira wa kuuza mayai ya kuku wetu. Ilichukua wiki tano. Huyo hadi leo hunipigia simu akikosea. Paulo anawaandikia akina baba wa Kolosai kwamba wasiwachokoze watoto wao “wasije wakakata tamaa”, na sikuwahi kulisikia onyo hilo likihubiriwa kwa nguvu inayolingana na ile ya fimbo.

Wapo kati yenu ambao mume yuko safarini sehemu kubwa ya mwezi. Wangu alikuwa dereva wa lori, akienda Malaba na kurudi, na kwa muda niliamini kwamba ibada isiyo na baba ni ibada pungufu. Kisha akaanza kutupigia simu kila alipoegesha Salgaa saa mbili usiku, nasi tuliweka simu mezani kwa sauti kubwa, akasikia mtoto akisoma, akaomba kwa sentensi mbili, akaendelea na shughuli zake. Watoto wanayakumbuka maombi hayo ya simu, pamoja na kelele za malori nyuma yake, kuliko mahubiri yake yote ya sebuleni.

Jambo litakalowaogopesha zaidi bado liko mbali nanyi, lakini nilitaje. Binti yetu wa tatu, akiwa na miaka kumi na mitano, alikataa kwenda kanisani. Nililia, nikatishia, nikamletea wazee wa kanisa, na kila nilivyozidisha ndivyo alivyozidi kunyamaza. Baba yake ndiye aliyepata njia: alimwambia kwamba Jumapili hatamlazimisha, ila jioni aketi nasi mezani kama kawaida, asome zamu yake au asisome. Akaketi. Miezi ikapita kabla hajaeleza kwamba kiongozi mmoja wa vijana alikuwa ameitaja siri yake mbele ya wenzake kama ombi la maombi. Tulikwenda kulizungumza na waliohusika, naye akarudi kanisani kwa wakati wake. Chini ya mtaala wa sasa mtoto husoma hadi gredi ya 9 kabla ya kuingia shule ya upili, ambapo wengi huenda bweni, hivyo ninyi mtakuwa na watoto wenu nyumbani mwaka mmoja zaidi kuliko sisi wa darasa la nane. Mwaka huo ni wa kuketi nao na kuwasikiliza, kwa sababu maswali mazito huanza hapo hapo.

Zipo jioni ambazo mtashindwa: umeme umepotea, mgeni amekawia, mmegombana na hakuna anayetaka kufumba macho mbele ya mwenzake. Zikipita siku tatu hivyo, siku ya nne msianze kwa kuwahutubia watoto kuhusu zile tatu. Fungueni Biblia pale mlipoishia, msome mistari kumi na miwili, na kama mligombana wakiwa wanasikia, mpatane wakiwa wanasikia.