Mum amewekewa nyonga mpya, na nyumbani choo ni cha kuchuchumaa

SWALI: Habari daktari. Mum alibadilishiwa nyonga ya kulia hapa Kisumu na wiki hii anaruhusiwa kwenda nyumbani, huko ndani Vihiga. Tumeambiwa asipochunga nyonga inaweza kuchomoka. Choo ni cha shimo, tufanyeje?

JIBU: Pole kwa kuuguza, dada yangu. Anzeni na hicho choo kabla hajafika. Nyonga mpya ni mpira unaokaa ndani ya kikombe, na nyama zilizopasuliwa bado hazijapata nguvu ya kuushikilia, so akichuchumaa goti likapanda juu ya kiuno, mpira unaweza kutoka. Hatari kubwa ni miezi 3 ya kwanza. Mwambieni fundi atengeneze kiti cha mbao kizito, chenye mikono, kimetobolewa katikati, kirefu kiasi kwamba akikaa magoti yanabaki chini ya nyonga. Vya plastiki vikishakatwa tundu hulegea, mimi sivitaki kabisa.

Halafu kuna kale kastuli ka jikoni. Kaondoeni kwa nyumba, kwa sababu nawajua mama zetu, akisikia nafuu kidogo tu utampata ameinama anachochea kuni ama anafagia uwanja na ule ufagio mfupi, na wewe uko Kisumu. Mtu akae naye. Asiokote kitu chini, asipishanishe miguu, alale na mto katikati ya mapaja, na akitaka kugeuka apige hatua ndogondogo, asijizungushe juu ya ule mguu.

Safarini boda hapana. Tafuteni gari dogo, kiti cha mbele kirudishwe nyuma na kiwekwe mto, atangulize makalio ndio miguu iingie pamoja.

Lakini muulizeni daktari wake alipasuliwa kwa mbele ama kwa nyuma, maana haya ni ya waliopasuliwa kwa nyuma. Wa mbele huwa wanakatazwa kupeleka mguu nyuma na kugeuza vidole nje.

Akishikwa na uchungu wa ghafla, mguu uonekane mfupi ama umegeuka na hawezi kusimama, msikubali mtu auvute, hata yule mzee wa kukanda mifupa. Mpelekeni hospitali yenye eksrei saa hiyo hiyo, na asile kitu njiani kwa sababu huenda akahitaji dawa ya usingizi ndio nyonga irudishwe.