Nairobi ina urefu wa mita ngapi?

SWALI: Mwalimu, nahariri kitabu cha jiografia cha Gredi ya 5 hapa Nairobi. Mwandishi ameandika "Nairobi ina urefu wa mita 1,795." Mwenzangu kakata "urefu", akaweka "kimo". Nani kakosea?

JIBU: Wote wawili. Kimo ni cha kitu kilichosimama: mtu, mti, mnara. Ukikipima unaanzia chini, miguuni pake. Nairobi haina miguu. Kinachopimwa ni ardhi iliyojengewa mji, iko juu ya bahari kwa kiasi gani, na neno lake ni mwinuko: "Nairobi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,795 kutoka usawa wa bahari." Mimi ningeandika tu "iko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari". Mtoto wa Gredi ya 5 ataelewa bila kufafanuliwa.

"Urefu" nao hupima hata kitu kilicholala. Milima ya Nyandarua ina urefu wa kama kilomita 160, kaskazini hadi kusini. Kilele chake kikuu, Ol Donyo Lesatima, kina urefu wa kama mita 4,000. Urefu wa kwanza umelala, wa pili umesimama. Kwa kilele sina ugomvi: Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya, mita 5,199, kiite kirefu upendavyo. Mji ndio usiouruhusu.

Ila mwinuko wenyewe una mtego. Iten, wanakofanyia mazoezi wanariadha wetu, kuna mwinuko mkubwa, zaidi ya mita 2,000. Nimewahi kusoma "mwinuko mkali wa Iten", nikadhani wanakimbia wakipanda ukuta! Mwinuko mkali ni wa barabara, kama ile ya zamani kutoka Mai Mahiu kupanda kuelekea Limuru, ambapo lori la mzigo huingia gia ya kwanza na kutambaa, msururu wa magari nyuma yake. Ukija kutoka Limuru, mahali palepale panaitwa mteremko. Makanga hana haja na maneno hayo mawili. Kwake ni "mlima" tu, apande ashuke.

Halafu ukifika sura ya mashamba ya chai, chunga "nyanda ya juu". Umoja ni uwanda wa juu, wingi nyanda za juu.