Kwa nini daktari asomee tena dharura?

Umeuliza kwa nini daktari aliyekwisha kuhitimu asomee tena ubingwa wa tiba ya dharura kwa miaka 3 au zaidi. Ni kwa sababu kwenye idara nyingine unamhoji mgonjwa, unapima, ndipo unatibu. Kwenye dharura mara nyingi unaanza kutibu kabla hujaujua ugonjwa. Njia ya hewa kwanza, kisha upumuaji, kisha mzunguko wa damu. Hewa ikijaa kifuani ikalikandamiza pafu hadi presha ikashuka, ukisubiri picha ya eksirei unaweza kumpoteza mgonjwa. Sindano inaingia kifuani papo hapo kuitoa hewa hiyo. Ujasiri huo haupatikani darasani: unajengwa kwa mazoezi kwenye mwanasesere, halafu kitandani, bingwa akiwa pembeni. Inaniuma kuona baadhi ya hospitali za kufundishia zikiwaachia madaktari wanaosomea ubingwa huu washike zamu ya usiku peke yao.