Rangi mpya juu ya mashua ya zamani

Ndugu, umeuliza kama unaweza kupaka rangi mpya juu ya ile inayobanduka kwenye mashua ya marehemu babu yako iliyoko uani Mikindani. Nakushauri usifanye hivyo, kwa sababu chumvi iliyoingia kwenye mbao huvuta unyevu, na unyevu huo utaisukuma rangi mpya ibanduke pamoja na ile ya chini.

Ioshe kwanza kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, mara kadhaa, kisha iache ikauke polepole chini ya kivuli cha makuti, maana jua kali hupasua mbao na kufungua maungio. Kwangua rangi iliyolegea, na unapopiga msasa lowesha mbao na ujifunge barakoa, kwani rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Watoto wakae mbali. Kabla ya kupaka chochote, kagua kalafati, yaani pamba iliyoshindiliwa kwenye maungio ya mbao kuzuia maji. Pamba iliyooza itolewe na kuwekwa nyingine, na hapo ni afadhali umwite fundi wa mashua, kwa kuwa pamba ikishindiliwa kupita kiasi huachanisha mbao.

Sehemu ya juu ya maji unaweza kuipaka mafuta ya sifa, yaani mafuta ya papa, ambayo harufu yake majirani hawataisahau upesi, au rangi ya mafuta, lakini usichanganye, kwa sababu rangi haishiki juu ya sifa. Chini paka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, siku chache tu kabla ya kuishusha wakati wa bamvua, yaani bahari inapojaa sana.