Shilingi moja iliyopotea: kwa mzazi anayeanza ibada ya nyumbani

Kwetu ibada ya nyumbani ilianza mara tatu kabla haijashika. Mara ya kwanza tuliiga kanisani: wimbo wa kufungua, sala, somo, mahubiri ya baba, kila mmoja aombe kwa zamu, wimbo wa kufunga. Dakika 45. Mtoto wetu mdogo alikuwa na miaka minne. Alilala kwenye sala ya kufungua, na kusema kweli nilimwonea wivu.

Siku hizi ni dakika 10, mara tu baada ya kula, vyombo vikiwa bado mezani. Ukisema tuoshe kwanza, mmoja ataingia bafuni, mwingine atakumbuka kazi ya shule, na jioni imekwisha. Dada wa kazi naye akae, asome kwa zamu kama wengine. Utamwambiaje mtoto kwamba Mungu hana upendeleo huku mtu mmoja wa nyumba hiyo hiyo yuko jikoni anasugua sufuria?

Usianzie Mwanzo ukitarajia kufika Ufunuo. Mambo ya Walawi itawakwamisha. Anza na Marko. Ni sura 16 tu, na mambo yake yanakwenda mbio, kila mahali "mara" hii na "mara" ile. Tukio moja kwa usiku linatosha, hata likiwa la mistari sita. Tunasoma Biblia ya Habari Njema, ile tafsiri ya lugha nyepesi, kwa sababu watoto wanaielewa, lakini mstari wa kukariri tunauchukua kwenye Union Version, tafsiri ile ya zamani ya 1952, maana ndiyo watakayoisikia kanisani na misibani. "Amwaminiye" na "uketipo" ni maneno ya kuelezwa, si ya kukwepwa. Yapitie mwenyewe mapema ili usije ukababaika mbele yao.

Kosa langu kubwa lilikuwa jingine, na lilichukua karibu miaka miwili kuonekana. Nilikuwa nafundisha tabia nikidhani nafundisha injili. Daudi: uwe jasiri. Danieli: uombe kila siku. Zakayo: rudisha vitu vya watu. Kila hadithi ilimalizikia kwa agizo. Usiku mmoja mtoto wetu wa pili, aliyekuwa na miaka saba, alibaki mezani wenzake walipoondoka, akaniuliza taratibu: "Mama, Yesu anawapenda na watoto wanaokojoa kitandani?"

Sikuwahi kumwambia hawapendi. Ila alikuwa amejumlisha mwenyewe masomo yangu yote, akapata jibu hilo.

Injili ni habari, yaani jambo ambalo Mungu ameshalitenda. Tangu usiku ule, kabla sijauliza "sisi tufanye nini?" nauliza "hapa nani ameanza?" Turudi kwa Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19. Yesu anamwita ashuke mtini na kusema leo imenipasa kushinda nyumbani mwako. Wakati huo Zakayo hajarudisha hata senti. Ahadi ya kulipa mara nne inakuja baadaye, mgeni akiwa ameshakubali kuingia. Watoto waliona mpangilio huo haraka kuliko mimi. Na hapo ndipo msalaba unapoelezeka kwa mtoto: Yesu hakusubiri tuwe wazuri ndipo afe kwa ajili yetu.

Luka 15 ni hazina, kaeni nayo hata wiki mbili. Tulipofika kwa yule mwanamke mwenye shilingi kumi aliyepotewa na moja, mkubwa wetu alicheka: "Shilingi moja? Haifiki hata pipi!" Ana haki, maana watafsiri waliandika shilingi wakati shilingi ilikuwa na nguvu. Nikamweleza kwamba sarafu ile ilikaribia ujira wa kibarua kwa kutwa nzima. Halafu tukazima taa, nikaficha sarafu ya 200, nikawapa tochi na ufagio. Walivuta makochi, wakafagia hadi chini ya kabati ambako mimi mwenyewe huwa sifiki, na ilipopatikana kelele zilimleta jirani mlangoni. Nikawauliza: sarafu ilifanya nini ili ipatikane? Kimya. Mdogo akajibu, "Ilikaa tu."

Usimharakishe mtoto wa miaka mitano kuongozwa sala ya toba ili upate ushuhuda wa kutoa Jumapili. Umri huo atarudia chochote ili akufurahishe. Mwache aulize, na swali usilolijua mwambie utamuuliza mchungaji, kisha kweli ukamuulize.

La mwisho ndilo lililonigharimu zaidi: kuungama mbele yao. Asubuhi moja uji ulimwagika kwenye sare ya shule nami nikapayuka maneno ambayo siyarudii hapa. Jioni nikawaomba msamaha, kwa majina, nikasema nami nahitaji Mwokozi yule yule. Niliogopa heshima ingepungua. Ilipofika zamu ya yule wa pili kuomba, alifumba macho akasema: "Mungu, msamehe mama kwa kutupigia kelele. Na kesho umsaidie tena, kwa sababu kesho pia kuna uji."