Fundi bora nimpe umeneja?

SWALI: Nina gereji Dar es Salaam yenye mafundi tisa. Fundi wangu bora wa injini analipwa mshahara wa msingi 900,000 kwa mwezi, na ovataimu yake hufika saa 40. Naogopa gereji nyingine itamchukua, hivyo nataka kumzawadia umeneja kwa 1,200,000. Nafanya vizuri?

JIBU: Mwongezee fedha, ila usizifunge kwenye cheo hicho. Meneja wa gereji anampa mteja makadirio, anaagiza spea kabla stoo haijakauka, anagawa kazi, na anamwambia fundi mwenzake kwamba gari halitoki mpaka lirekebishwe. Kufungua silinda hedi na kusoma gasketi iliyoungua hakumfundishi mtu hayo.

Kinachoharibika huanzia hapa: gari gumu likiingia, meneja mpya anachukua spana kwa kijana na kumalizia mwenyewe. Huku nje wateja wanasubiri bei, filta zimeisha, na kijana hajajifunza kitu. Usimwone mvivu wala mwenye kiburi. Mtu akibanwa hukimbilia kazi anayoiweza.

Sasa piga hesabu, maana hapa waajiri wengi huumiza watu bila kujua. Kwa wiki ya saa 45, saa moja ya mshahara wake ni 900,000 gawa kwa 4.333 (wastani wa wiki za mwezi), kisha gawa kwa 45: takriban 4,615. Ovataimu hulipwa mara 1.5, yaani 6,923, na kwa saa 40 ni kama 277,000. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 17, inawatoa kwenye masharti ya saa za kazi wale wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Ukimweka kundi hilo na kumfutia ovataimu, nyongeza yako ya 300,000 inambakizia kama 23,000, pamoja na lawama za wateja. Huyo ataondoka mapema kuliko alivyokuwa ameanza kufikiria.

Ningemfanya fundi mkuu: mshahara wa msingi unapanda, ovataimu inabaki, na anapewa mambo mawili tu ya mamlaka. Injini na giaboksi zote anazikagua yeye kabla gari halijatoka, na anafundisha vijana wawili kwa majina. Mpe posho kwa kila kijana anayeweza kufunga injini bila gari kurudi ndani ya siku 30. Andika kwenye daftari kila gari lililorudi, tatizo lake na aliyelishika, la sivyo mtabishana kila mwisho wa mwezi.

Muulize pia faraghani kama anautaka umeneja. Akiutaka kweli, mpe miezi mitatu ya kukaimu, kwa posho: mwezi wa kwanza agawe kazi asubuhi, wa pili aongeze makadirio na spea, wa tatu ashughulikie malalamiko. Muda wote huo asishike spana zaidi ya saa mbili kwa siku. Tazama kama magari yanatoka siku iliyoahidiwa, na kama vijana wanamwendea na maswali au wanamkwepa.

Kabla hajaanza, andikeni kwamba asipoendelea anarudi kwenye ufundi kwa mshahara uleule wa fundi mkuu. Akithibitishwa, kaeni pamoja mrekebishe maelezo ya ajira yake, kisha mpe kwa maandishi. Kifungu cha 15 cha sheria hiyohiyo kinataka hivyo.